Namna ya kuzielewa na kuzitumia nahau za Kiingereza: mwongozo kamili kwa mzungumzaji wa Kiswahili

Mtu anaweza kusoma Kiingereza tangu shule ya msingi hadi chuo kikuu, akapata kazi katika shirika ambalo barua pepe zake zote huandikwa kwa lugha hiyo, kisha asubuhi moja akafungua ujumbe wa mistari mitatu kutoka kwa mkuu wake aliyeko Marekani, akayajua karibu maneno yote yaliyomo, na bado asijue anatakiwa kufanya nini. Ujumbe wenyewe ni wa namna hii: "Sorry I dropped the ball on this. I've been snowed under all week, but let's touch base on Monday. Just give me a ballpark figure for now."

Humo mna mpira ulioanguka, mtu aliyefunikwa na theluji, kituo kinachoguswa na tarakimu ya uwanja wa michezo. Aliyeandika, hata hivyo, hakuwa akizungumzia michezo wala hali ya hewa. Alikuwa akiomba radhi kwa kutolishughulikia jambo lililokuwa mikononi mwake, akieleza kwamba kazi zimemwelemea, akipendekeza wawasiliane Jumatatu, na akiomba apewe makadirio tu ya gharama, si hesabu kamili. Mistari mitatu hiyo ina nahau nne, na kamusi haiwezi kumsaidia msomaji anayelitafuta kila neno peke yake.

Nahau si jambo geni kwetu. Mtoto wa Kiswahili hujua mapema kwamba aliyepiga chuku hakumpiga mtu, na kwamba aliyevaa miwani huenda hana tatizo lolote la macho. Tatizo ni kwamba nahau za lugha yetu tulizipata nyumbani, sokoni na barazani, zikiwa zimeambatana na sauti na uso wa msemaji, ilhali za Kiingereza wengi wetu tumezipata katika orodha zilizochapwa, nahau mkono wa kushoto na maana mkono wa kulia. Nimewafundisha watu wazima Kiingereza kwa miaka mingi, na nimeona kwamba orodha za namna hiyo huleta makosa mengi kuliko yale zinayoyaondoa. Hatua zinazofuata hapa zinamchukua msomaji tangu anapokutana na nahau kwa mara ya kwanza hadi anapoweza kuitumia bila kuogopa.

Hatua ya kwanza: itambue

Dalili ya kwanza ni picha isiyoketi. Ukisoma "She spilled the beans about the wedding", unaona maharage yamemwagika, lakini habari yote inahusu arusi na hakuna jiko wala sufuria iliyotajwa. Maneno yanapokuwa mepesi na sentensi ikawa ya ajabu, simama hapo hapo. Usiendelee kusoma ukitumaini kwamba mambo yatajieleza mbele.

Dalili ya pili haitajwi sana madarasani, nayo inafaa kuliko zote. Neno "the" katika Kiingereza huelekeza kwenye kitu ambacho msikilizaji tayari anakifahamu. Mtu akisema "the bucket", inatarajiwa kwamba ndoo hiyo imekwisha kutajwa au inaonekana. Unapokuta "the beans", "the ice", "the bullet" au "the towel" katika habari ambayo haijataja maharage, barafu, risasi wala taulo, shuku kwamba kitu hicho hakipo, na kwamba kinachosemwa ni nahau. Wanafunzi wangu wanaoizoea dalili hii hukamata nahau nyingi hata kabla ya kufungua kamusi.

Jihadhari pia na upande wa pili. "He kicked the bucket and the water ran across the floor" ni sentensi ya ndoo ya kweli na maji ya kweli, ingawa "kick the bucket" kama nahau ni kufa. Maneno yale yale huweza kuwa nahau mahali pamoja na kuwa maneno ya kawaida mahali pengine, na kinachoamua ni habari inayoyazunguka.

Hatua ya pili: kisia kabla ya kutafuta

Kukisia hufanya maana ikae kichwani, kwa sababu jibu la kamusi hukutana na swali ambalo tayari umejiuliza. Uliza ni nani anayetenda, jambo lenyewe ni la kusifiwa au la kulaumiwa, na ni nini kilichotokea kabla na baada. Chukua sentensi hii: "The road was supposed to take six months, but the contractor kept dragging his feet, and now the rains are here." Mtendaji ni mkandarasi, neno "but" linaonyesha kwamba mambo hayakwenda kama yalivyotarajiwa, na mvua zimefika kabla ya barabara kwisha. Bila msaada wowote unaweza kukisia kwamba mkandarasi alichelewesha kazi kwa makusudi au kwa uzembe. Kiswahili kina neno lake tayari: alikuwa akijivuta.

Hatua ya tatu: soma kamusi yote, si mstari wa kwanza

Tumia kamusi zilizoandikwa kwa ajili ya wanafunzi wa Kiingereza, kama vile za Oxford, Cambridge na Longman, ambazo zinapatikana bure kwenye intaneti. Katika kamusi ya karatasi, anza kutafuta chini ya nomino iliyo nzito zaidi katika nahau: "spill the beans" itafute kwenye "bean" kwanza, kisha kwenye "spill". Katika simu, andika nahau nzima kwa pamoja. Programu za kutafsiri zinaweza kukupa tafsiri sisisi, yaani ya neno kwa neno, na tafsiri ya namna hiyo ndiyo iliyokuingiza katika shida tangu mwanzo.

Maana ni sehemu moja tu ya kile kamusi inachokupa. Soma alama zinazoandikwa pembeni: "informal" ni ya mazungumzo ya kawaida, "old-fashioned" imepitwa na wakati, "disapproving" hubeba lawama, na "British" au "American" huonyesha inakotumika. Madarasani kwetu vizazi kwa vizazi vimefundishwa kusema "It's raining cats and dogs", na wanafunzi huipenda kwa sababu ya picha yake. Waingereza wa leo huisema kwa nadra. Wakati wa mvua kubwa wengi wao watasema tu "It's pouring". Anayeingia ofisini London akiwa amelowa na kutamka habari za paka na mbwa ataeleweka, lakini ataonekana kama mtu aliyejifunza lugha katika kitabu cha zamani.

Hatua ya nne: tafuta mwenzake wa Kiswahili

Hapa ndipo pa kukaa zaidi, kwa sababu Kiswahili ndicho chombo bora ulicho nacho, na ndicho pia kinachoweza kukuangusha. Swali la kuuliza si "maneno haya kwa Kiswahili ni nini?" bali ni "sisi, katika hali kama hii, husemaje?" Jibu litaangukia katika moja ya mafungu matatu.

Fungu la kwanza ni la nahau zenye picha inayokaribiana na maana moja. Kiingereza husema "a drop in the ocean", au "a drop in the bucket" kwa Wamarekani, kwa kitu kidogo mno mbele ya mahitaji makubwa, nasi tuna tone la maji baharini. Hizo hazina taabu.

Fungu la pili lina maana moja na picha tofauti, nalo ndilo tajiri kuliko yote. Turudi kwenye maharage. "Spill the beans" ni kutoa siri, na Mswahili anayetoa siri mbele za watu huambiwa amemwaga mtama kwenye kuku wengi. Nafaka imebadilika, lakini kumwagika ni kule kule: kilichokuwa kimehifadhiwa kimetawanyika na hakikusanyiki tena. Ukiiweka "spill the beans" kando ya mtama na kuku, hutaisahau. Lakini usiishie kwenye kitenzi, kwa maana Kiswahili kina vitu vingine vinavyomwagika. Aliyemwaga unga hakutoa siri yoyote. Amepoteza kazi iliyokuwa ikimlisha. Na maji yakimwagika hayazoleki, methali ambayo mwenzake wa Kiingereza ni "It's no use crying over spilt milk". Maharage, mtama, unga, maji na maziwa vyote humwagika, lakini kila kimoja kina habari yake, na mwanafunzi anayekariri kitenzi bila nomino atasema kwamba jirani yake amefukuzwa kazi ilhali alitaka kusema kwamba ametoboa siri.

Mfano mwingine ni "beat around the bush", yaani kuzungumza kwa kuzungukazunguka bila kugusa jambo lenyewe. Sisi huzunguka mbuyu, na picha zinafanana ajabu, mti kwa kichaka. Ila kuzunguka mbuyu kuna maana ya pili, ambayo ni kutoa hongo, na maana hiyo haimo kabisa katika Kiingereza. Kwa hiyo, unapoandika katika daftari lako kwamba nahau mbili ni sawa, andika pia ni kwa maana ipi.

Fungu la tatu ni la hatari: picha moja, maana mbalimbali. Mwalimu akisema kwamba mtoto ana kichwa chepesi, amemsifu kwamba anashika masomo upesi. Ukiligeuza hilo kuwa "light-headed", umemwambia Mwingereza kwamba mtoto anasikia kizunguzungu na huenda akaanguka. Mwenye kichwa kigumu kwetu ni mbishi au asiyeelewa, ilhali "hard-headed" kwa Kiingereza mara nyingi ni sifa ya mfanyabiashara anayeamua mambo kwa hesabu bila kuyumbishwa na hisia. Mtu wa macho makavu kwetu hana haya. Lakini gazeti la Kiingereza likiandika kwamba "there wasn't a dry eye in the house", linasema kwamba ukumbi mzima ulilia. Na ukitaka kumsifu mchekeshaji aliyekuvunja mbavu, usiseme "He broke my ribs", kwa sababu anayekusikiliza atauliza kama umekwenda hospitali. Sema "He had me in stitches".

Chumvi inastahili aya yake. Anayesimulia kwa kuzidisha ametia chumvi. Kiingereza nacho kina "take it with a pinch of salt", na wanafunzi wengi hukimbilia kuzifananisha. Zinahusiana, lakini wanaotenda ni watu wawili tofauti: kwetu chumvi hutiwa na msemaji anayeongeza maneno, ilhali kwa Kiingereza chumvi ni ya msikilizaji anayeamua kutoyaamini maneno yote. Mtu mmoja akitia chumvi yake, mwenzake huyapokea kwa chumvi yake pia. "The salt of the earth" ni mtu mwema na mnyofu, na inatoka katika Mathayo 5:13, mahali ambapo Biblia ya Kiswahili pia inasema ninyi ni chumvi ya dunia. Naye aliyekula chumvi nyingi kwetu ni mzee aliyeishi miaka mingi. Hiyo haina chumvi yoyote kwa Kiingereza. Mwingereza atasema "He's had a good innings", maneno ya mchezo wa kriketi, akimaanisha mchezaji aliyekaa muda mrefu na kupiga vizuri kabla ya kutolewa.

Yapo pia mahali ambapo mzungumzaji wa Kiswahili humzidi Mwingereza mwenyewe. "At the eleventh hour" ni dakika za mwisho kabisa, pale jambo lilipokaribia kuharibika, na Waingereza wengi wakiulizwa saa hiyo ni ipi hufikiria saa moja kabla ya usiku wa manane. Asili yake ni mfano wa shamba la mizabibu katika Mathayo 20, ambapo mwenye shamba alitoka kutafuta vibarua asubuhi, akatoka tena saa tatu, saa sita, saa tisa, na mwisho saa kumi na moja. Saa hizo zilihesabiwa tangu mapambazuko, kama tunavyozihesabu sisi hadi leo. Saa kumi na moja ni saa moja kabla ya jua kuzama, wakati kibarua wa mwisho anaajiriwa huku wenzake wakikaribia kufunga kazi. Kwetu picha hiyo iko wazi bila kuelezwa. Kwa matumizi ya kila siku, mwenzake wa Kiswahili anayefaa zaidi ni ule msemo wa watangazaji wa mpira: dakika za lala salama.

Hatua ya tano: chunguza sarufi yake

Nahau ni kama kifungo kilichoshonwa, si kama vitu vilivyowekwa kapuni. Katika Kiswahili, amevaa miwani huweza kuwa amelewa, lakini amevaa miwani mipya ametoka dukani. Kivumishi kimoja kimeua nahau nzima. Vivyo hivyo, amekata kamba ni amekufa, lakini ukigeuza kauli ukasema kamba imekatwa na mzee, kinachoeleweka ni kamba ya mbuzi. Kiingereza kina tabia hiyo hiyo. "He kicked the bucket" ni nahau, ilhali "The bucket was kicked" ni ndoo iliyopigwa teke. "An arm and a leg", inayotumika kwa kitu ambacho bei yake haishikiki, haigeuzwi kuwa mguu kwanza kisha mkono. Nyingine, hata hivyo, zinakubali kugeuzwa. "Pull strings", ambayo ni kutumia kujuana ili jambo lipite, husemwa bila shida kuwa "Strings were pulled". Hakuna kanuni moja inayozitawala zote, kwa hiyo soma mifano ya sentensi katika kamusi na uone ni maumbo gani yanayotumika.

Jambo moja dogo huwasumbua hata wanafunzi walioendelea. Kamusi huandika baadhi ya nahau kwa neno "one's" na nyingine kwa "someone's", na wengi huyaona maneno hayo kuwa mamoja. "Bite one's tongue", yaani kujizuia kusema, hurudi kwa mtendaji mwenyewe: "I bit my tongue", "She bit her tongue". Inafanya kazi inayokaribiana na ile ya -ji- katika kujizuia. "Pull someone's leg", yaani kumtania mtu kwa kumdanganya kidogo, humwendea mtu mwingine: "Are you pulling my leg?", "They were pulling his leg". Ukiona "one's", badilisha ulingane na mtendaji. Ukiona "someone's", badilisha ulingane na anayetendewa. Na katika sentensi yako mwenyewe usiyaache maneno hayo kama yalivyo, kwa maana hayo ni nafasi wazi zinazosubiri kujazwa.

Hatua ya sita: uliza ni nani humwambia nani

Mwanafunzi wangu mmoja aliwahi kuniletea rasimu ya barua ya rambirambi kwa mfanyakazi mwenzake aliyekuwa Uingereza. Sentensi ya kwanza ilisema: "I am very sorry to hear that your father has kicked the bucket." Alikuwa ameikuta nahau hiyo katika orodha ya nahau mia moja, na mbele yake palikuwa na neno moja tu, "die". Nilimwuliza kama angeweza kumwandikia mfiwa wa Kiswahili kwamba amesikitika kusikia baba yake amekata kamba. Alishika kinywa. Hakuhitaji maelezo zaidi. Tulikaa pamoja tukaandika "has passed away", ambayo ina heshima ile ile ya kufariki dunia. Mtihani huo wa swali moja unafaa kwa nahau yoyote: mwenzake wa Kiswahili ungemtamkia mkwe, mwajiri au mfiwa? Kama usingeweza, basi usiiandike kwa Kiingereza pia.

Nchi nayo ina uzito. Waingereza wamechota nahau nyingi kwenye kriketi, kama "hit for six", kwa mtu aliyetikiswa na habari nzito. Wamarekani wamechota kwenye besiboli, na ndiko zinakotoka "touch base" na "ballpark figure" za ule ujumbe wa mwanzo, pamoja na "curveball", ambayo ni swali au jambo lisilotarajiwa. Aliyekulia katika Kiingereza cha Afrika Mashariki, ambacho kimejengwa juu ya kile cha Uingereza, huzikuta za besiboli akiwa mtu mzima kazini, na ndiyo sababu zinamsumbua hata kama alifaulu vizuri shuleni.

Baya zaidi ni pale maneno yale yale yanapokuwa na maana zinazopingana. "Table a motion" kwa Uingereza ni kuiwasilisha hoja mezani ili ijadiliwe sasa; kwa Marekani ni kuiweka kando isijadiliwe. Winston Churchill alisimulia kwamba wakati wa Vita vya Pili vya Dunia wakuu wa majeshi ya nchi hizo mbili walibishana kwa muda mrefu juu ya neno hilo kabla ya kugundua kwamba wote walitaka jambo lile lile. Ukiwa katibu wa kikao chenye watu wa pande zote mbili, liepuke kabisa, na uandike waziwazi kwamba hoja itajadiliwa leo au imeahirishwa.

Hatua ya saba: tumia asili iliyo ya kweli kuimarisha kumbukumbu

Asili ya nahau husaidia sana kuikumbuka, mradi iwe ya kweli. Intaneti imejaa hadithi za kubuni, kwa mfano ile isemayo kwamba paka na mbwa walilala juu ya mapaa ya nyasi na kuteleza wakati wa mvua; hadithi hiyo ni uzushi. Chemchemi mbili, hata hivyo, zinaaminika na ziko karibu nasi.

Ya kwanza ni Biblia, hasa tafsiri ya Kiingereza ya mwaka 1611. "By the skin of my teeth", yaani kuponea chupuchupu, ni ya Ayubu 19:20, na Biblia ya Kiswahili inamtaja Ayubu aliyeokoka na ngozi ya meno yake. "The writing is on the wall", inayosemwa pale dalili za maangamizi zinapokuwa wazi, ni ya Danieli 5, kwenye karamu ya mfalme Belshaza, pale vidole vya mkono vilipoandika ukutani. Ukizisoma sura hizo kwa Kiswahili, nahau hujifunza zenyewe.

Ya pili ni bahari. "Three sheets to the wind" humaanisha mtu aliyelewa chakari, na msomaji hudhani kwamba "sheets" ni mashuka au matanga. La hasha: katika lugha ya mabaharia wa Kiingereza ni kamba zinazoshika pembe ya chini ya tanga, kamba ambayo mabaharia wa pwani yetu huiita demani. Zikiachiliwa, tanga hupepea ovyo na chombo huyumba kama mlevi njiani. Nasi pia tumeipeleka bahari katika mazungumzo ya nchi kavu: tunaposema mambo yamekwenda mrama, wachache hukumbuka kwamba mrama ni kule kuyumba kwa chombo majini. "Learn the ropes", kujifunza kazi mpya, nayo ni ya baharia mgeni anayepaswa kujua kila kamba inavuta nini.

Hatua ya nane: iandike, isubiri, kisha itumie

Katika daftari, ipe kila nahau nusu ukurasa badala ya mstari mmoja. Andika sentensi uliyoikuta, na mahali ulipoikuta, maana yake, mwenzake wa Kiswahili na tofauti zao, kama ni ya mzaha, ya kawaida au rasmi, kisha sentensi yako mwenyewe inayohusu mtu unayemjua kweli. Sentensi ya kubuni kuhusu John na Mary hupotea jioni ile ile, lakini sentensi kuhusu mjomba wako aliyemwaga mtama kwenye kikao cha ukoo itadumu. Nahau tatu kwa wiki zinatosha.

Usiitumie nahau hadi uisikie au uisome mahali pengine mara tatu, kutoka kwa watu tofauti. Kwanza itumie kwa mdomo na rafiki, kisha katika ujumbe, na mwisho katika maandishi rasmi ikiwa kamusi haikuizuia. Katika ripoti, mkataba au barua ya maombi ya kazi, nahau chache au kutokuwepo kabisa ni bora, kwa sababu msomaji wa upande wa pili naye huenda amejifunza Kiingereza kama wewe.

Kwa wanaotafsiri kuja Kiswahili nina ombi. "At the end of the day, it's your decision" imezaa mwisho wa siku, ambayo sasa imejaa redioni na mikutanoni kiasi kwamba wengi hawaioni tena kuwa ya kuazima. Lugha huazima, na sina ugomvi na hilo. Lakini kila unapoiandika, jiulize kama hatimaye au mwishowe hayatoshi, kwa maana kuna msomaji kijijini ambaye bado ataelewa kwamba uamuzi huo utafanywa jioni.

Sasa rudi kwenye ule ujumbe wa mistari mitatu. Mkuu wako anataka makadirio leo na mazungumzo Jumatatu. Kumjibu hakukulazimu kutafuta mpira mwingine wala theluji nyingine. Andika: "No problem. A rough figure is four million shillings. I will send the full budget before we speak on Monday." Kama ungependa kutumia nahau, chukua ile aliyoitumia yeye mwenyewe, kwa sababu umekwisha kuona kwamba anaielewa na kwamba inakubalika kati yenu: "My ballpark figure is four million shillings." Kisha fungua daftari, uandike "drop the ball" juu ya ukurasa mpya, na ujiulize ni lini mara ya mwisho jambo liliponyoka mikononi mwa mtu unayemjua.